Stesheni Njema Humrudisha Mtu kwake Mapema

Kwetu Omate, katika misitu ya Walikale, mtu aweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na kupata wajukuu, naye asiione reli hata siku moja. Neno "stesheni" twalijua kwa kitabu tu. Mimi hulifundisha kwa chaki: mistari miwili, nyumba yenye paa refu, na watu wamesimama wakingoja. Kila mwaka wanafunzi huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, watu hao wangoja nini? Kwa nini hawaendi kwa miguu?"

Ni swali la haki. Mtoto awaonaye wazazi wake wakitembea siku nzima msituni na mzigo mgongoni hawezi kudhani kwamba kungoja ni namna ya kusafiri. Nataka kulijibu leo kwa urefu, wala si kwa watoto peke yao. Akina baba na akina mama wasomao ukurasa huu nao yawapasa kulifikiri, kwa maana stesheni, ikitengenezwa vizuri au vibaya, hugusa chakula cha jioni, masomo ya watoto na usingizi wa mama.

Reli zilizowahesabu watu baadaye

Tukitoka Walikale kuifuata njia ya Lubutu hata Kisangani, ndipo tutaikuta reli. Ni ile iendayo Ubundu. Ilimalizwa mwaka 1906, nayo ina urefu wa kilomita 125 tu. Ilijengwa kwa sababu mto Kongo una maporomoko mahali hapo, na mashua hazipiti. Kwa sababu kama hiyo ilijengwa reli ya Kindu hata Kongolo, ikamalizwa mwishoni mwa 1910. Mwaka 1915 reli iliyotoka Kabalo ikafika penye Ziwa Tanganyika, katika mji wa Kalemie, ulioitwa Albertville wakati ule. Ng'ambo ya ziwa Wajerumani walikuwa wamekwisha kuifikisha Kigoma, mwaka 1914, reli waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905. Kivu ya Kusini nayo ilipata reli ndogo mwaka 1931, toka Kalundu karibu na Uvira hata Kamanyola. Ikafungwa mwaka 1958. Kivu ya Kaskazini haikupata hata moja.

Ukizitazama reli hizo katika ramani, waona mara moja ziliwekwa kwa ajili ya nini. Ziliunganisha maji na maji, mto na ziwa, ili mali ya nchi ipate kufika baharini. Stesheni ilihesabu tani kwanza, watu baadaye. Abiria alikaribishwa kama nafasi ilibaki.

Desturi hiyo twaifahamu sana sisi watu wa Walikale, hata pasipo reli. Kwa miaka mingi ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo, zikachukua mawe ya madini na kuyapeleka Goma. Mtu aliyetaka kusafiri alikaa kando ya lami, juani au mvuani. Madini yalikuwa na bei yake na mahali pake. Mtu alipewa kilichosalia. Mimi nimekaa hapo na sanduku langu, nami nikajua maana ya kungoja bila kuahidiwa kitu.

Baba aonekanaye Jumapili

Mwanzoni mwa mwaka 2012, baada ya masomo yangu ya seminari, nilikwenda Nairobi kujifunza ualimu na lugha ya Kiingereza. Nilikaa kwa baba mdogo wangu huko Mlolongo, kando ya njia kuu iendayo Mombasa. Yeye alikuwa fundi wa kushona nguo katikati ya mji.

Mji wa Nairobi wenyewe ni mtoto wa stesheni. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika hapo mwaka 1899, mahali pa majani na matope. Mafundi wakapiga kambi, wakaweka karakana, na mji ukaota kando yao. Mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Victoria, mahali paitwapo leo Kisumu. Walakini mji ulipokua, watu walizifuata barabara, wakaiacha reli nyuma. Treni za wafanyakazi zilibaki chache, nazo zilijaa mno, hata vijana wakaning'inia milangoni na kupanda juu ya mabehewa.

Basi, baba mdogo alikwenda kazini kwa matatu. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri. Njia ambayo Jumapili tuliimaliza kwa nusu saa, siku za kazi ilimla saa mbili, kwa kuwa magari yalifungana toka huku hata katikati ya mji. Jioni ikawa vile vile. Aliondoka watoto wamelala, akarudi watoto wamelala. Siku moja, ilikuwa Jumatano, alishikwa na homa akabaki nyumbani. Mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa na miaka mitatu, aliamka akamkuta ameketi barazani. Akamwendea mama yake jikoni, akamwuliza: "Leo ni Jumapili?"

Mama mdogo alicheka. Baba mdogo hakucheka. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa.

Nawaza kwamba katika miji yetu yote ya Afrika wako akina baba wengi kama yeye, na akina mama pia. Twasema watoto wa siku hizi hawawasikilizi wazazi wao. Yafaa tuulize kwanza wanawaona saa ngapi.

Stesheni ya Syokimau

Tarehe 13 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni mpya ya Syokimau, kama kilomita 16 kutoka stesheni kuu ya Nairobi. Kwetu Mlolongo ilikuwa habari kubwa, kwa kuwa stesheni hiyo ilikuwa karibu. Pamoja nayo zilitengenezwa stesheni za Imara Daima na Makadara, zilizo katika njia hiyo.

Nilikwenda kuitazama. Palikuwa na ukumbi safi wa tikiti, jukwaa lililoinuka sawa na mlango wa behewa, paa la kuzuia mvua, taa, na uwanja mpana wa kuegesha magari. Watu walisifu hasa vioo na sakafu. Baba mdogo, ambaye ni fundi na hudanganywa kwa shida na kitambaa cha juu, hakusifu kitu siku ile. Alitoa saa yake mfukoni akangoja aone kama treni itaondoka kwa saa iliyoandikwa.

Ilipoondoka sawasawa, alitikisa kichwa, akasema: "Kesho nitaipanda."

Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali la wanafunzi wangu. Watu wale wa stesheni wangoja kwa kuwa wameahidiwa saa, na ahadi hiyo huwa inatimizwa. Mahali pasipo na saa iliyoahidiwa, kungoja ni mateso, na heri kwenda kwa miguu. Mahali penye saa ya kweli, kungoja dakika kumi ni sehemu ya safari, kama kufunga viatu.

Safari ya treni kutoka Syokimau hata mjini ilikuwa kama nusu saa. Baba mdogo akapata saa moja na zaidi asubuhi, na karibu saa nyingine jioni. Sitasema nyumba ile iligeuka kuwa paradiso. Nasema niliyoyaona: alikunywa chai na watoto kabla ya kwenda kazini. Jioni alikagua daftari la mtoto wa kwanza, akakuta hesabu za kugawanya hazijaeleweka tangu muhula uliopita, wala hakuna aliyejua. Mama mdogo, ambaye zamani alikesha akimngoja mumewe, akaanza kulala saa nne.

Walioachwa nje ya mlango

Ndugu msomaji, nisingekuwa mwaminifu kama ningemaliza hapo. Stesheni ile haikumfaa kila mtu wa mtaa wetu.

Jirani yetu alikuwa mama auzaye mboga. Yeye huondoka saa tisa usiku kwenda kununua sokoni, naye hurudi na magunia. Treni za mwanzo zilikuwa chache, za asubuhi na za jioni, kwa ajili ya watu wenye saa za ofisi, wala behewa la abiria si mahali pa magunia ya sukumawiki. Mlinzi wa usiku naye alirudi nyumbani wakati watu wote wakienda mjini. Uwanja ule mpana ulimfaa mwenye gari. Asiye na gari alitembea, na siku ya mvua alilipa pikipiki. Baba mdogo alipiga hesabu kwa kalamu: nauli ya treni pamoja na pikipiki ya siku za mvua ilikaribia kabisa nauli ya matatu. Alisema, "Nanunua saa, sinunui safari." Lakini aliye na shilingi za kuhesabu kwa vidole hawezi kununua saa.

Tena reli hupita mahali wanapokaa maskini. Huko Kibera na Mukuru watu wengi walikuwa wamejenga vibanda hata karibu na vyuma vya reli, wakauza samaki na mkaa pale treni zipitapo. Ili treni zipite salama, watu hao walihamishwa. Zikajengwa nyumba na vibanda vipya vya biashara, na ukuta ukawekwa kando ya reli. Ni jambo jema kwamba hawakufukuzwa mikono mitupu. Hata hivyo mama aliyekuwa akiuza mlangoni pa wateja wake, akahamishiwa nyuma ya ukuta, ana haki ya kuuliza faida hii ya saa zilizookolewa yamfikiaje yeye. Matengenezo ya kweli husikiliza swali la namna hiyo kabla ukuta haujajengwa.

Kubwa si lazima kuwa karibu

Baadaye Nairobi ilifundisha somo la pili. Mwaka 2017, tarehe 31 Mei, ilifunguliwa reli mpya ya Mombasa hata Nairobi, yenye stesheni kubwa sana huko huko Syokimau. Ni jengo la fahari, na treni yake huwafikisha abiria Mombasa kwa saa tano hivi. Lakini stesheni hiyo iko nje ya mji. Msafiri atokaye Mombasa hushuka katika ukumbi mkubwa, kisha hutafuta treni nyingine ndogo ya reli ya zamani imfikishe mjini. Kwa aendaye Mombasa mara moja kwa mwaka, hilo si neno. Kwa aendaye kazini kila siku, stesheni ndogo ya jirani yake yamfaa kuliko ile kubwa.

Mwaka 2020 Shirika la Reli la Kenya lilianza kuyashughulikia hayo madogo. Lilinunua mabehewa yenye injini yao wenyewe, yasiyovutwa na kichwa cha treni, yaliyokuwa yametumika kwanza katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Stesheni kuu ya zamani ikasafishwa na kutengenezwa, na stesheni za mitaa ya wafanyakazi, kama Dandora, Githurai na Kahawa, zikapata sura mpya. Mabehewa yale hayakuwa mapya. Hakuna aliyeuliza umri wao, maadamu yalifika.

Dar es Salaam nayo ina somo lake. Huko treni za wafanyakazi zilianza tarehe 29 Oktoba 2012, majuma mawili tu kabla ya Syokimau. Zilipita juu ya reli zilizokuwapo: moja toka Ubungo hata stesheni ya mjini, nyingine katika reli ya TAZARA hata Mwakanga. Wenyeji waliita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Hapakujengwa kwanza majumba. Zilitafutwa treni na saa, na watu wakapanda.

Kisha ikaja reli mpya ya umeme. Tarehe 14 Juni 2024 ilianza kuwachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na tarehe 25 Julai mwaka huo ikafika Dodoma. Morogoro, mahali ambapo basi hufika kwa saa nne au zaidi, treni hufika kwa muda wa chini ya saa mbili. Stesheni yake ya Dar es Salaam ilijengwa kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti. Mimi husifu zaidi mahali ilipowekwa kuliko umbo lake: iko katikati ya mji, jirani na stesheni ya zamani, hatua chache toka mahali watu wanapofanya kazi. Mtu wa Morogoro aweza kwenda mjini kwa haja zake na kulala kwake usiku ule ule.

Jinsi ya kuipima stesheni

Kwa hayo yote nimejiwekea mambo manne ya kupimia, nami nawapa wanafunzi wangu wakubwa wayajadili.

La kwanza ni saa. Treni iondoke kwa saa iliyoandikwa ukutani, na ikichelewa watu waambiwe. La pili ni nauli, iandikwe mahali pa wazi, iwe moja kwa tajiri na kwa maskini, wala isipande kwa sababu mvua inanyesha. La tatu ni njia ya miguu: toka mlango wa nyumba hata mlango wa behewa, mzee, mjamzito na kiwete waweza kupita bila kubebwa? La nne ni heshima: paa, taa, choo na maji. Msichana atokaye kazini saa mbili usiku asiogope kungoja. Hili la nne wanaume hulisahau upesi, kwa sababu giza haliwatishi kwa namna ile ile.

Stesheni ikiwa na hayo manne, na iwe ya mabati tu, imetengenezwa. Ikiyakosa, na iwe ya marumaru, bado.

Na sisi wa Walikale?

Mtu ataniuliza: "Mwalimu, hayo yatufaa nini sisi tusio na reli wala matumaini ya kuiona karibuni?"

Yatufaa sana. Kila mahali pikipiki na malori yanaposimama ni stesheni yetu. Hapo ndipo mama hushuka na mhogo wake, ndipo mwanafunzi hupanda kwenda shule ya mbali, ndipo maiti hupokelewa. Na tazameni palivyo: matope, hakuna paa, bei hubadilika kwa kumtazama mtu viatu, na hakuna ajuaye saa. Twalalamika kwamba serikali haijatuletea barabara, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini miti, majani ya kuezekea na mikono tunayo. Salongo ya Jumamosi moja yatosha kusimamisha kibanda cha kungojea chenye mabenchi, na Jumamosi ya pili yatosha kwa choo. Wenye pikipiki na wazazi waweza kuketi pamoja, wakaiandika nauli juu ya ubao. Kalamu ya rangi naitoa mimi.

Tena liko jambo zito zaidi. Vita havijaiacha nchi yetu. Mwezi Machi 2025 wapiganaji wa M23 waliingia katika mji wa Walikale, wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Na kabla ya hapo, na baada yake, jamaa nyingi za Masisi na Walikale zimekimbia njiani kwa haraka, baba huku, mama kule, watoto na nyanya yao. Nimewapokea darasani watoto waliokaa majuma mengi bila kujua wazazi wako wapi. Mmoja aliniambia kwamba wazazi wake walimwagiza, "Tukipotezana, tungoje njiani." Njiani wapi? Njia ni ndefu.

Mahali palipotengenezwa na kujulikana na wote, penye jina, paa na mtu wa kupatunza, ni mahali ambapo watu waliopotezana waweza kuambiana: tutakutana pale. Nairobi stesheni imempa mtoto saa moja ya kuketi na baba yake. Kwetu kibanda cha miti minane chaweza kumwonyesha mtoto mahali pa kumkuta mama yake. Jumamosi ijayo, wenye mapanga waje na mapanga, wenye majembe waje na majembe, penye njia panda, saa mbili asubuhi. Tuanze kwa kuishika saa.